Dahlia, Mali ya Kampuni

Winifrida Tweve alikuwa anarudi kutoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, miguu ikimwaka moto ndani ya viatu, alipoziona dahlia zake, maua aliyoyapanda mwenyewe, ukutani.

Zilikuwa kwenye bango jipya, nyuma ya kioo cha ubao wa matangazo, mlangoni pa jengo lao la ghorofa tatu huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alizijua mara moja, kama mama anavyomjua mwanawe katikati ya uwanja wa shule: ile nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi, ile ya rangi ya papai lililoiva, na ile nyeupe, kubwa kama sahani. Nyuma yake ulionekana ule mti mdogo wa Kijapani, majani yake yenye vidole kama kiganja cha mtoto mchanga yamewaka rangi ya pilipili mbivu.

Chini ya picha, kwa herufi kubwa, paliandikwa kwamba hii ndiyo Bustani Bora ya Msimu wa Majani Kupukutika, mshindi wa mwaka. Chini yake, kwa herufi ndogo: “Imebuniwa na kutunzwa na timu yetu ya bustani.” Wakazi walikaribishwa Jumamosi saa tano asubuhi kushuhudia kampuni inayosimamia jengo ikikabidhiwa tuzo. Chai na biskuti zingekuwepo.

Winifrida alisoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili.

“Timu ipi?” aliuuliza ubao.

Timu aliyoijua yeye ilikuwa wanaume wawili waliokuja kila baada ya wiki mbili na mashine ya kukatia nyasi, wakazunguka nayo dakika ishirini, wakaondoka. Mwaka juzi waliipitisha mashine hiyo juu ya maua yake ya asta ya zambarau, siku zilezile yalipokuwa yanaanza kufunguka. Alipowauliza, walimjibu kwamba walidhani ni magugu.

Miaka sita iliyopita, kile kipande cha ardhi nyuma ya jengo kilikuwa jalala: godoro lililooza, kigari cha supamaketi, chupa zilizovunjika. Winifrida ndiye aliyeanza kulisafisha, siku zake za mapumziko, akisaidiwa na Mzee Surinder wa ghorofa ya chini, dereva wa basi mstaafu, Mpunjabi mzaliwa wa Nakuru. Mzee alileta krisanthemu, maua ya marehemu mkewe, Poonam, yaliyokuwa yanabanana kwenye vyungu dirishani. Winifrida alinunua viazi vya dahlia, yaani mizizi yake minene ya kupandia, na ule mti wa Kijapani akaupata kwa bei ya kutupa kwa sababu ulikuwa nusu umekufa. Walichimba, walibeba mbolea kwa mikoba, na walizoea kuzungumza Kiswahili hapo, kila mmoja na chake, huku ndege za kwenda kutua Heathrow zikipita juu ya vichwa vyao chini kiasi cha kuonyesha magurudumu.

Kilichoifanya bustani ile ishinde kilikuwa jambo moja. Mwanzoni mwa Novemba, wakati dahlia za mtaa mzima zimekwisha kuwa nyeusi, zao zilikuwa bado zinachanua. Winifrida alizaliwa Makete, nyanda za juu kusini, ambako mwezi wa sita jalidi huamka imelala juu ya mashamba ya viazi, nyeupe kama chumvi, na jua likichomoza majani yanageuka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Hakuhitaji Mwingereza amfundishe baridi inavyokuja. Anga likiwa safi bila wingu na upepo ukitulia, alijua. Kabla jua halijazama, yeye na Mzee Surinder walitoka na mashuka makuukuu yaliyotupwa na nyumba ya wazee, wakayatandika juu ya vijiti, wakafunika kila shina. Asubuhi wakayaondoa.

Kampuni ilikwisha kumwandikia kuhusu mashuka hayo. Barua aliitunza: mashuka yanachafua mandhari ya jengo, yaondolewe ndani ya siku saba. Tangu hapo akawa anayaondoa mapema zaidi, kabla mtu wa ofisi hajapita, kama mwizi kwenye shamba lake mwenyewe.

Sasa hata usingizi wa baada ya shifti ulimpaa. Alikaa kitandani na koti lake, akaipigia kampuni simu. Baada ya muziki mrefu alipokea meneja, kijana aitwaye Alnashir, mwenye sauti laini ya mtu aliyefundishwa kutokukasirika.

“Tunajivunia sana bustani ile,” alisema kwa Kiingereza.

“Timu yenu ilipanda nini humo?”

“Kuna mchango wa wakazi, na tunauthamini. Lakini kwa mujibu wa mkataba wa nyumba, mmea wowote uliopandwa kwenye ardhi ya pamoja ni mali ya kampuni.”

“Mali ya kampuni?”

“Kwa mujibu wa mkataba.”

Winifrida alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mtu wa kuuza bima.

“Mum, leave it,” alisema binti yake Jacqueline kutoka jikoni. Jacqueline alizaliwa hapa, alielewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

“Niache? Niache nini? Wameninyang’anya mikono yangu, Jackie! Miaka sita mgongo unauma, halafu anakuja mtu na kamera anasema ni yeye!”

Jacqueline alimwekea mama yake chai mezani, akaenda chuoni.

Alhamisi mchana anga lilikuwa jeupe na safi, na moshi wa bomba la jirani ulipanda wima kama kamba. Utabiri ulisema nyuzi tano chini ya sifuri. Saa nane Mzee Surinder alitoka, kilemba chake cha buluu kichwani na furushi la mashuka kifuani.

“Mama Jackie, shika huku.”

“Leo hatufuniki, Mzee.”

“Nini?”

“Jumamosi wanakuja kupiga picha na timu yao. Si timu yao ndiyo inatunza? Basi ije ifunike.”

Mzee aliyaweka mashuka chini polepole. Aliitazama ile nyeupe kubwa, iliyokuwa imefunguka siku mbili tu. “Hii maua yote itakufa leo.”

“Yafe.”

“Umekasirika na watu ya ofisi, sawa. Mimi pia nimekasirika. Lakini hii maua imekosa nini?”

Hasira ya Winifrida ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe, ila ghafla haikuwa na mahali pa kukaa. Alizitazama dahlia, nyekundu na za papai na za manjano, zimesimama kwenye jua la baridi bila habari. Akatazama krisanthemu za Poonam. Akavuta pumzi ndefu.

“Lete mkasi,” alisema. “Tunakata yote. Hakuna hata moja linalolala nje leo.”

Walikata mpaka vidole vikafa ganzi. Zilipojaa ndoo tano, walianza kugonga milango. Reshma wa ghorofa ya pili alifungua akiwa na pacha mmoja begani. Miaka minne alikuwa akiyatazama maua yale kutoka dirishani kwake na hakuwahi kushika hata moja.

“Ni ya nini?” aliuliza.

“Ni yako,” alisema Winifrida.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Baudouin, Mkongo anayefanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege. Alipokea dahlia tatu nyekundu kwa mikono miwili.

“Aksanti, mama. Mi nilizania ni ya kampuni. Niliona pale chini wameandika.”

Maneno hayo yalimchoma kuliko yale ya Alnashir. “Hata wewe, Baudouin? Unapita pale kila siku, umewahi kumwona nani na jembe kama si mimi?”

Baudouin aliinamisha kichwa. “Ni wewe, mama. Ni kweli. Nilikuona wewe tu.”

Jalidi ilikuja kama ilivyoahidi. Ijumaa asubuhi majani yote ya dahlia yalikuwa yamelegea, meusi, yananing’inia kwenye vijiti kama soksi mbichi. Jua lilipoupiga ule mti wa Kijapani, majani yakaanza kudondoka yenyewe bila upepo, moja baada ya jingine, na kufikia saa nne mti ulikuwa uchi, umesimama katikati ya duara jekundu. Winifrida alisimama hapo kwa muda mrefu. Hakufurahi.

Jumamosi saa tano Alnashir alifika na suti ya kijivu, mpiga picha, na meza ya kukunja ya chai. Pamoja nao alikuja jaji wa mashindano, mwanamke wa makamo mwenye koti la mvua na buti zilizochakaa, buti za mtu ambaye kweli huingia kwenye udongo. Wakazi kama kumi hivi walikuwa wameshuka. Alnashir alizunguka kona ya jengo akitabasamu, na tabasamu likamganda usoni.

“Kumetokea nini hapa?”

“Jalidi,” alisema jaji. Aliinama, akashika shina moja. “Lakini maua yamekatwa kabla. Vizuri sana. Nilipokuja mwanzoni mwa mwezi, tayari tulikuwa tumepata jalidi mara mbili, na hapa hakuna kilichoungua. Nilitaka kuuliza: timu yenu ilikuwa inafunika na nini?”

Alnashir alikohoa. “Wana… wana vifaa vya kitaalamu.”

Mzee Surinder alimgeukia Winifrida. “Mwambie, Mama Jackie.”

“Mwache aseme mwenyewe,” alijibu Winifrida kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, akidhani anasikiwa na Mzee tu. “Vifaa vya kitaalamu! Huyu hajui hata kama dahlia inapandwa kwa mbegu au kwa kiazi. Angalia viatu vyake. Mtu mwenye viatu vile hajawahi kukanyaga tope tangu azaliwe.”

Masikio ya Alnashir yaligeuka mekundu. Alivitazama viatu vyake.

“Unanielewa?” aliuliza Winifrida.

“Kidogo,” alisema Alnashir kwa Kiswahili cha kusitasita. “Bibi yangu alitoka Tanga.”

“Kumbe! Basi afadhali, maana Kiingereza changu wiki hii hamkukisikia. Sikiliza, mwanangu. Mliniandikia barua kwamba mashuka yangu yanachafua jengo. Mashuka hayohayo ndiyo yaliyowapa tuzo. Mti huu nimeununua mimi ukiwa unakufa. Krisanthemu zile ni za marehemu mke wa huyu mzee. Godoro lililokuwa limelala hapa nimelivuta mimi na yeye mpaka barabarani, ofisi yenu nimeipigia simu mara saba kabla ya hapo na hamkuja. Leo mnasema mali ya kampuni. Aibu hamna? Bibi yako wa Tanga angekusikia angesema nini?”

Juu yao ndege ilipita, ikabidi wote wasubiri ngurumo iishe.

“Anasema nini?” aliuliza jaji.

Alnashir alilamba midomo. “Anasema kwamba… yeye pia amesaidia kidogo kwenye bustani.”

“Sikusema hivyo!” Winifrida aligeukia Kiingereza kwa nguvu iliyomfanya mpiga picha ashushe kamera. “Nimeishi nchi hii miaka kumi na tisa, nawaogesha wazee wenu na kuwasomea magazeti yenu. Najua nilichosema!” Na akakisema chote upya, kwa Kiingereza, bila kupunguza neno, kisha akatoa ile barua ya mashuka mfukoni mwa koti na kumpa jaji mkononi.

Jaji alisoma barua hadi mwisho. Baudouin akapaza sauti kutoka nyuma, “Ni yeye, tunamwona kila siku,” na Reshma akasema ni kweli, na wengine wakaanza kusema wote kwa pamoja. Jaji alikichukua cheti kilichokuwa mezani karibu na biskuti, akakirudisha kwenye mkoba wake.

“Suala hili nitalipeleka kwenye kamati,” alimwambia Alnashir. “Na wewe nitakuomba uandike kwa mkono wako yale ambayo bibi huyu amesema. Yote, safari hii.”

Alnashir alibaki akikunja meza ya chai. Kabla hajaondoka alimsogelea Winifrida. “Samahani, mama,” alisema kwa Kiswahili. “Niliambiwa na wakubwa niandike vile.”

“Na mkono ulioandika ulikuwa wa nani?”

Alnashir aliinua meza yake, akaondoka.

Jumapili alichimba viazi vyake vyote vya dahlia. Baudouin alishuka na uma wa bustani wa kuazima, Reshma akafuata na maboksi ya nepi, na Mzee Surinder akaketi kwenye kiti akiandika jina la kila aina kwenye karatasi. Vyote vilipanda ghorofani kwa Winifrida, vikakaushwe chini ya kitanda chake, mahali ambapo mkataba wa nyumba haufiki.

Katikati ya Desemba bahasha ilikuja. Kamati iliiondoa kampuni kwenye tuzo, na cheti kipya kilikuwa na majina mawili: Winifred Tweve na Surinder Singh. Mzee Surinder alikishika kwa vidole vya pembeni asikichafue, machozi yakamlengalenga.

“Poonam angefurahi,” alisema.

Winifrida alikisoma, akakunja uso. “Winifred ni nani?”

“Aa, Mama Jackie. Ni herufi mbili tu.”

“Ni mbili zangu,” alisema Winifrida, akachukua kalamu, akaandika juu ya cheti jina lake lote kama alivyobatizwa nalo Makete, na kesho yake, akienda kazini, akakirudisha kwa kamati kwa posta.