Zipu ya Mgongoni

Mume wangu Pavia ana akili za kutosha kumwinda sili, yule mnyama wa baharini, kwenye ukungu, lakini mwambie achague nguo uone. Wiki nzima tuligombania nguo. Mjukuu wetu wa kwanza alikuwa anabatizwa Jumapili katika kijiji cha ng'ambo ya fjordi, ule mkono wa bahari kati ya milima, na Pavia alishamwahidi binti yetu Naduk kwamba atafika kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, kama babu yake alivyofika siku ya ubatizo wa Naduk mwenyewe. Tena atashuka pwani na anoraki, koti la kofia, ile nyeupe ya sherehe, si vinginevyo.

"Nenda," nilimwambia. "Ila sheria ya nyumba hii unaijua."

Sheria ni yangu. Anayetoka na kayaki huingia kwanza kwenye maji ya barafu pale gatini, na nguo zilezile alizochagua, akae humo mpaka nimalize kikombe changu cha kahawa. Kaka yangu Enok alitoka siku ya Mei yenye jua kama hili, amevaa sweta nzuri sana. Sweta tuliipata.

"Jua lote hili, Bolette!"

"Jua liko juu. Wewe utaangukia juu?"

Akaingia na anoraki na sweta mbili. Nilikuwa bado napuliza kahawa alipotoka, midomo ya bluu, vidole havishiki kamba.

"Nimeteleza," akasema.

"Umeteleza kutoka majini?"

Anoraki nikaifua, nikaipiga pasi.

Kesho yake akaleta koti la ngozi ya sili la marehemu baba yake. Koti lenyewe halikuwa na kosa. Mzee aliishi ndani yake, na pindo likishafungwa kwenye tundu la kayaki hata tone haliingii. Lakini Pavia alilitundika majira yote ya baridi kando ya kipasha joto, eti lisiote ukungu. Ngozi ya sili! Alipoinua mkono likavunjika kama mkate mkavu.

"Ni mshono tu huo."

"Pavia, naliona kwapa lako."

Siku hiyo kahawa hata sikuimimina.

Ikabaki suti ya rangi ya chungwa aliyonunuliwa na Naduk, isiyopitisha maji, yenye mpira wa kubana shingo na mikono. Unavaa anoraki yako humo ndani na inatoka kavu. Tatizo ni zipu: inakatiza mgongoni, bega hadi bega, na lazima mtu mwingine akufunge.

"Mwanamume mzima nivalishwe kama huyo mtoto anayebatizwa?"

"Basi usiniite."

Hakuniita. Alifunga kamba kwenye zipu, akaifunga na kwenye kitasa cha mlango wa ghala, kisha akaanza kuvuta kama mbwa anayekokota sleji thelujini. Akatoka kifua mbele, akajitosa. Funda la kwanza la kahawa yangu anatabasamu, la pili anatabasamu. La tatu, tabasamu likaganda. Zipu ilikuwa imebaki wazi upana wa kidole, begani, mahali ambapo jicho la mwenyewe halifiki. Alipanda gati miguu imejaa maji, kama soseji mbili zinazotafuta sufuria.

"Hiyo anoraki," nikasema, "sasa utaifua wewe."

Aliifua. Pasi akaipiga vibaya.

Jumapili asubuhi akaja na suti imefika kiunoni, anaangalia ukutani.

"Bolette."

"Nini tena?"

"Nifunge. Tafadhali."

Nikavuta zipu mpaka mwisho, nikaipapasa yote, nikarudia. Akaingia majini. Kahawa nikainywa polepole kwa makusudi. Alipotoka, hata jasho lake lilikuwa la moto.

Akatangulia kwa kayaki, mimi nyuma kwa boti ya injini pamoja na keki. Katikati ya fjordi wimbi la meli likampindua. Nilishasimama, nimeangusha keki moja, alipozunguka chini na kuibuka upande wa pili akicheka, kichwa tu kimelowa. Nilimtukana mpaka pwani.

Wageni wote walikuwa nje wanamsubiri, Naduk na mtoto mbele. Pavia akaweka kayaki mchangani, akapeleka mkono wa kushoto mgongoni, kisha wa kulia, kisha yote miwili. Anoraki yake kavu, nyeupe pee, imo humo ndani na hakuna anayeiona.

"Bolette," akaninong'oneza, jasho linamtiririka. "Zipu."

Nilikuwa nimeshapewa kikombe.

"Subiri," nikamwambia, "nimalize kahawa."