Majina Kumi na Mawili Mgongoni

Kocha mpya wa futiboli ya Kimarekani, Kessler, alipofika chuoni kwetu mwezi wa nane, amri yake ya kwanza ilinijia mimi mfua jezi: nifumue majina yote migongoni.

"Jina usilolitolea jasho, hulivai, Bi Verdell," akasema. "Wakishinda mechi tano, utayarudisha."

Nikafumua. Nimetumikia makocha sita katika chumba kile cha kufulia, na mambo ya uwanjani sikuwahi kuyaingilia. Lakini vile vitambaa vya majina sikuvitupa. Nilivipiga pasi, nikavilaza kwenye boksi la viatu vya marehemu mume wangu.

Mwezi wa kumi na moja ukatukuta tumeshinda mechi mbili, tumefungwa saba. Ikabaki mechi ya mwisho ya nyumbani, ile ambayo vijana wanaomaliza chuo huingia uwanjani wameshikana mikono na wazazi wao. Siku ya Alhamisi, mchezaji mmoja, Tisdale, namba sitini na nne, alileta taulo zake, akaketi juu ya kapu langu.

"Utalivunja kapu langu, we ghorofa."

Akacheka kidogo. "Mama anakuja, Bi Verdell. Miaka minne hajawahi kupewa ruhusa kazini Jumamosi."

"Sasa mbona umenuna?"

"Kazi yangu ni kukumbana, wenzangu wapate njia ya kukimbia na mpira. Spika ya uwanja haijanitaja hata siku moja. Mama alitaka alisome jina letu mgongoni, basi."

"Kocha umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema bado mechi tatu."

Jumamosi asubuhi nilisali, nikawasha cherehani. Wanaomaliza ni kumi na wawili. Saa nne jezi zao zote zilikuwa kwenye misumari, migongo imeelekea mlangoni.

Kessler akaingia, akasimama.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

"Fumua."

Nikamwekea kijembe cha kufumulia kiganjani. "Fumua mwenyewe, Kocha. Anza na Tisdale. Mama yake yuko getini."

"Unajua naweza kukufukuza?"

"Najua. Na hilo jina lililo kifuani kwako nilikutarizia mimi, ukiwa hujashinda hata mechi moja. Tuanze na hilo?"

Vijana walikuwa wamejaa mlangoni. "Weee! Kapatikana leo!" mmoja akapiga kelele. Tisdale akapita ubavuni mwa kocha bila kumtazama, akaitungua jezi yake, akaivaa. Wenzake wakafuata. Kessler akabaki na kijembe mkononi, mwishowe akakiweka mezani, akatoka.

Nilisimama kwenye uzio kuwaona wakipita. Mama Tisdale, mwanamke mfupi mwenye kofia ya kanisani, alimwinamisha mwanawe katikati ya uwanja, akapitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine. Hakuwa na haraka. Waamuzi walimsubiri.

Tulifungwa kwa pointi tatu.

Jumatatu nikapewa barua ya ofisi ya michezo: msimu ukiisha, na kazi yangu imeisha. Nikaisoma mara moja, nikaikunja ndani ya Biblia yangu. Msimu ulikuwa bado na mechi moja, ya ugenini. Nikazifua zile jezi kumi na mbili, nikazitundika vilevile, migongo mlangoni.

Kisha nikafungua boksi la viatu. Yalikuwa yamebaki majina arobaini na moja, ya wale wasiomaliza mwaka huu. Nikavaa miwani, nikatunga uzi.