Aliyemchongea Masele

Katika klabu ile ya gofu Masele alimsalimia kila mtu isipokuwa Luhaga, mzee wa kukata nyasi. Luhaga akimwambia habari za asubuhi, Masele aligeukia ziwani kana kwamba ziwa ndilo lililomsalimu. Na Luhaga alipofariki, Masele hakukanyaga msibani. Watu wa Mkolani, alikoishi Luhaga, walilisema jambo hilo mpaka wakachoka.

Alikuwa na sababu yake. Ujanani alikuwa mchezaji wa ridhaa asiye na mpinzani Mwanza, na alishachaguliwa kwenda Kampala na timu ya taifa. Wiki hiyohiyo rafiki yake Odoyo, waliyekulia naye mtaa mmoja Kiseke, akamletea wageni wawili awafundishe kupiga mpira. Walipomaliza wakampa bahasha. Masele akasita, maana mchezaji wa ridhaa hafundishi kwa malipo. Odoyo akamsukumizia bahasha mfukoni.

"Ya soda tu hiyo, bwana. Nani atajua?"

Kamati ikajua. Masele akaondolewa kwenye timu, na nafasi yake akapewa aliyemfuata kwa ubora, yaani Odoyo. Wewe unayesoma umeshashtuka, Masele hakushtuka. Odoyo alilia naye, kisha akamnong'oneza kwamba siku ile Luhaga alikuwa akikata nyasi pale karibu. Masele akaimeza nzimanzima. Ukimpenda mtu hivyo, hata akili zako unamwachia akushikie.

Basi akageuka mchezaji wa kulipwa, akawa mwalimu wa klabu. Alifundisha madaktari, wafanyabiashara wa sangara na watoto wao, na alifundisha vizuri. Jezi ya taifa hakuivaa kamwe.

Jumamosi iliyopita klabu ilimwandalia chakula cha mchana kumshukuru kwa kazi yake. Odoyo, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alisimama na glasi mkononi, ameshachangamka.

"Mnamwona mwalimu wenu? Huyu nimemtengeneza mimi. Nisingeenda kumsema kwa kamati kwa ile bahasha, leo nani angewafundisha?"

Watu wakacheka. Masele naye alianza kucheka, kwa mazoea tu, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Kumbe ni wewe?"

"Kaka, si yameshapita? Angalia ulipofika."

"Na Luhaga je?"

"Luhaga yupi?" Odoyo aliuliza, na hakuwa anajifanya. Alikuwa amemsahau kabisa.

Hapo ndipo Masele alipoumia. Kampala alishazoea kuikosa. Lakini miaka yote hiyo alikuwa amemchukia mtu kwa chuki ya kuazimwa tu, na aliyemwazima chuki hiyo hakukumbuka hata jina la mtu huyo. Akaacha sahani yake, akatoka, huku wakimwita atoe hotuba.

Mkolani alimkuta Rose, mjane wa Luhaga, akianua nguo uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwalimu, kulikoni?"

"Nimekuja kuhani."

"Kwani nani amefariki?"

"Mzee Luhaga."

Rose akaanza kukunja shuka. "Luhaga tumemzika zamani, baba. Alikuwa akirudi kutoka kazini ananiuliza, hivi yule kijana nilimkosea nini? Nikamwambia akuulize mwenyewe. Akasema anaona aibu. Amekufa hajui. Sasa niambie mimi."

"Hakunikosea kitu, mama."

Rose aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja shuka. Hakumkaribisha kiti.