Maneno Yaliyobaki Barafuni

Binti yangu Time ndiye aliyenihadithia haya, asubuhi ile mabasi yote ya London yaliposimama kwa theluji. Tulikuwa jikoni kwake, Thornton Heath. Mwanga wa dirishani ulikuwa mweupe mno, mwanga usiotoka juu bali unaopanda kutoka chini, na barabara imelala kama bahari iliyosimama: haina wimbi, haina harufu, haina mtu.

Mumewe, Abdulwakil, ni dereva wa basi. Siku hiyo hakuwa na kazi. Alikaa sebuleni kaikabili ile bahari nyeupe, machozi yanamtoka na uso haubadiliki, kama bomba lisilofungika vizuri.

"Mama," Time akaniambia, sauti chini, "wewe unaona mkweo ni mtu mkimya tu. Halali. Tangu anioe sijamwona kalala usingizi wa mtu."

Ewe barafu, nakuuliza. Mimi bibi niliyesoma madarasa matatu, niliyekujua ndani ya gilasi ya sharubati tu. Ulisikia nini siku ile, ukanyamaza?

Nilijua mkwe wangu aliwahi kucheza. Hoki ya barafuni, mchezo wa magongo wa watu wa baridi. Aliletwa mji huu akiwa mdogo, baada ya Mapinduzi, kaviringishwa ndani ya koti la mtu mwingine. Baba yake, kwetu visiwani, alikuwa karani wa forodha. Huku alipata kazi ya kufagia kwenye uwanja wa barafu. Mtoto, akingoja baba amalize, akavaa viatu vya kuazima, vile vyenye kisu chini ya wayo, akaingia. Akaanguka. Akainuka. Akaanguka. Siku moja hakuanguka tena.

Akateleza utoto wake wote. Akateleza mpaka wakamlipa. Akateleza hadi miji ya Uskochi, ambako watu walimrushia ndizi, naye akateleza juu ya ndizi. Alikuwa beki, bega kama mlango wa nyumba ya zamani. Time ana picha yake ya siku hizo: meno mawili hayapo, nyusi imeshonwa, anacheka. Kicheko kile mimi sijakisikia kwa masikio yangu.

Timu moja waliyokuwa wakipambana nayo ilikuwa na kijana wa Kisingasinga, Gurdial, mzaliwa wa Nakuru, nywele kazifunga kishungi chini ya helmeti. Siku ya kwanza waliyogongana, Gurdial alitukana kwa Kiswahili. Abdulwakil akasimama katikati ya barafu kama aliyeitwa na mtu wa kwao.

Tangu hapo, kila walipokutana, mechi ilikuwa na mechi nyingine ndani yake.

"Mtu ya karafuu, rudi kwenu, hapa iko baridi."

"Kalasinga, leo utakula barafu bila ya sharubati."

"Wewe nakimbia kama bibi nabeba sufuria ya moto."

Refa alikuwa akimtazama mmoja, akimtazama mwingine, hajui kama awaadhibu au acheke nao. Walinyang'anyana kile kigurudumu cheusi cha mpira kama watoto wanaogombea ukoko.

Kisha ikaja siku ile. Abdulwakil alimsukuma Gurdial ubaoni, ule ukuta wa mbao unaozunguka uwanja. Msukumo wa halali, filimbi haikulia hata. Lakini kisu cha kiatu kilinasa, shingo ikaenda isikotakiwa kwenda, na Gurdial akalala juu yako, barafu, uso kaugeuza upande kama mtu aliyelalia mto.

Abdulwakil alipiga magoti. Midomo ya Gurdial ilitikisika. Uwanja mzima uliona. Daktari akasikia, hakuelewa. Refa akasikia, hakuelewa. Mmoja tu alielewa, na huyo hakumwambia mtu.

Gurdial hakuiona kesho yake.

Alisema nini, barafu?

Hata Time hakuambiwa. Alilojua ni hili tu: mumewe aliviacha viatu vyake hapo hapo ubaoni, akatoka na soksi, wala hakukukanyaga tena. Na hakwenda kuhani, kutoa pole msibani. Kwetu hata mliyegombana naye akifiwa unakwenda. Unaingia, unatoa mkono, unakaa kimya kidogo, unaondoka. Hakuna anayekutaka hotuba. Yeye hakwenda, na ule msiba ukamfuata yeye, ukahamia kwake, ukazeeka naye. Husikia kisu kikikwaruza ndani ya ukuta. Friji ikinguruma, hunyanyua kichwa. Nyumbani kwao barafu haiwekwi. Wajukuu wangu hula aiskrimu nje, getini, kama wanaovuta sigara.

Mtu na mkwewe hawaambiani mambo. Sisi tunaamkiana, tunapishana ukumbini, yeye ananiinamishia macho nami namuinamishia. Lakini asubuhi ile nilikwenda kukaa karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Theluji ikiondoka tutakwenda kuhani kwa kina Gurdial."

Hakugeuka. "Baada ya miaka yote hii? Watanifukuza."

"Watatufukuza sote wawili. Mimi nitatangulia, unajua nakimbia kama bibi aliyebeba sufuria."

Nilidhani atacheka. Alifunga macho.

"Siwezi kukaa mbele ya mama yake," alisema. "Nilimuahidi."

"Ulimuahidi nani?"

Akarudisha uso dirishani. Sikumuuliza mara ya pili. Subira ninayo, nilishaiweka akiba kwa mambo kama haya.

Time aliulizia kwenye hekalu la Masingasinga, Woolwich, na mama yake Gurdial kumbe yuko hai, bado anakaa nyumba ile ile aliyokaa na mwanawe, nyuma ya soko. Mabasi yaliporudi, tulikwenda. Nilipakata mfuko wa sukari, maana mkono mtupu hauniingii. Theluji ilikuwa imesukumwa kandokando, imekuwa nyeusi, imechoka. Njia nzima Abdulwakil alitazama miguu yake, kama bado iko juu ya visu.

Mama Gurdial alifungua mwenyewe. Mdogo, mtandio mweupe, mkono mmoja ukutani. Alimtazama mkwe wangu muda mrefu.

"Mtu ya karafuu," alisema.

Abdulwakil akatoa mkono. "Pole kwa msiba, mama."

"Wewe nachelewa sana," alisema, akaushika ule mkono, hakuuachia. Alituingiza hivyo hivyo, anamvuta kama anayevuta mtoto kutoka mvuani.

Tulikaa. Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru, kimevunjika hapa na pale, lakini kilitufikisha.

"Daktari naambia mimi, Gurdial naongea kitu pale chini. Lugha gani, yeye hapana jua. Mimi nauliza wachezaji, nauliza refa. Mtoto yangu nasema neno ya mwisho, na mimi mama yake hapana nalo. Wewe iko nalo?"

Nje ya dirisha, barafu ilining'inia ukingoni mwa paa kama meno.

"Ninalo," alisema Abdulwakil. Sauti ilitoka chini sana, mahali ambapo haikuwa imepita miaka. "Alisema, usimwambie mama nimeanguka."

Na kisha, "Nikamjibu, simwambii."

Hapo ndipo nilipofahamu. Alikuwa kashikilia amana. Kila usiku kaishikilia, akijiambia: nikienda kwa mama yake nitamwambia, nisipokwenda nitanyamaza. Na maiti amelala kati ya hayo mawili, macho wazi.

Mama Gurdial hakulia. Alianza kutikisa kichwa, polepole, na tabasamu likaja limechelewa kama sisi.

"Nakuru sisi tulikuwa na yaya, Teresia," alisema. "Gurdial naanguka na baskeli, naanguka na mti ya pera, goti damu. Anaambia Teresia: usimwambie mama nimeanguka. Kila siku. Na Teresia, kila siku, nakuja jikoni, naambia mimi. Mimi naenda na maji moto, na kitambaa. Teresia hapana weka siri hata siku moja."

Alikandamiza ule mkono aliokuwa hajauachia.

"Gurdial najua hivyo. Nasema usiambie, halafu nakaa pale pale, nangoja mimi nakuja."

Abdulwakil aliinama. Mabega yale yalivunjika mara moja, bila ya sauti.

"Samahani, mama. Nimechelewa kukwambia."

"Sasa wewe naambia. Mimi nasikia. Basi."

Sukari yangu ilitiwa kwenye chai yenye iliki. Akatusimulia goti lile, baskeli ile, na katikati ya neno usingizi wa uzeeni ukamchukua, kidevu kifuani, mkono wake bado juu ya mkono wa mkwe wangu.

Nilidhani Abdulwakil atautoa wake taratibu. Hakuutoa. Alikaa vile vile asimwamshe, adhuhuri ile, jua limefika mpaka kwenye zulia. Nje, ukingoni mwa paa, meno ya barafu yalianza kudondoka tone, tone, kisha mchirizi, kisha maji yanayokimbia mferejini, na mwanga wake ukaingia ukatikisika darini, mwanga wa bahari ambayo hatimaye imekumbuka kwenda.

Wewe barafu, maneno yale nimeyasikia. Nenda.

Nilimtazama mkwe wangu akiinamisha kichwa, akikiegemeza kwenye kochi la watu, kope zikishuka, zikipanda, zikishuka. Akalala.