Kipasha Oili cha Mzee Subiri

...na hii bolti nayo imekaa kama imezaliwa humu humu, akawaza fundi, mgongo wake juu ya boksi lililokunjuliwa, pua yake karibu iguse tumbo la gari, taa imemlalia kifuani na kumulika pembeni kabisa, inamulika giaboksi ambayo hakuna aliyeiuliza kitu, mkono wa kulia umeshika spana, wa kushoto unapapasa kile kidude, cha mviringo, kizito, kimebanwa kati ya injini na pale ilipokuwa filta ya oili, bomba moja la maji linaingia, jingine linatoka, kipasha oili, watu wa kiwandani walikiweka ili maji ya injini yakishika moto yaipashe na oili, gari lisisumbuke asubuhi kwenye baridi, kitu cha busara kabisa ukikitazama, na leo anakitoa... "Kaka, unanisikia lakini?" Hiyo ni sauti ya mdogo wake, mziwanda, ambaye kutoka hapa chini ni raba nyeupe mbili tu zikitembea huku na huku kando ya meza ya vifaa, raba nyeupe ndani ya gereji, mtu wa namna gani huyu, "mimi nataka mabomba yapungue, kwenye mashindano bomba likipasuka ndiyo basi, na hicho kikioza ndani maji yanaingia kwenye oili, injini kwisha habari yake," ndiyo, ndiyo, nakusikia, akajibu, na hakuwa anasikia, maji ya rejeta yalikuwa bado yanadondoka kwenye beseni kando ya sikio lake, to, to, to, kimya, to, na yeye alikuwa anawaza kwamba gari hili mpaka leo hawezi kuliita la mziwanda, ni la mzee, baba yao, lina harufu ya mzee hata huku chini, ingawa huku chini hakuna harufu yoyote ila ya oili.

Mzee aliendesha malori maisha yake yote, na siku alipostaafu kila mtu alijua atafuga kuku, kwani wastaafu hufanya nini, mzee akaenda akarudi na gari jekundu la milango miwili, la mashindano, fupi kiasi kwamba ukikaa ndani ni kama umekaa kitako barabarani, mtaa mzima ulicheka, babu na gari la vijana, mpaka muuza duka akawa anamuuliza anakwenda kumchumbia nani, na mzee anacheka nao, hana habari, ila aliyeona aibu kuliko wote ni nani, ni yeye, mkubwa, fundi wa malori mwenye jina lake, akasema mbele ya watu mimi nafungua injini, sifungui vitu vya kuchezea, na akashika neno lake, kushika neno si sifa, hata koleo hushika, hakulala chini ya gari hili hata siku moja mzee akiwa hai, leo ndiyo mara ya kwanza, na mzee alimwita, hilo analikumbuka vizuri kuliko anavyotaka, simu iliita akiwa anakunywa chai, "njoo bwana, leo tumelala chini yake mimi na mdogo wako, kuna kitu humu kitakuchekesha," naye akasema sina muda baba, na kikombe mkononi, chai yenyewe ilikuwa imeshapoa... haya, sukuma, akasukuma spana, bolti haikwenda popote. "...halafu hapo tunaweka filta moja kwa moja kwenye injini, si ndiyo, ila ile bolti ya kiwandani itakuwa ndefu, nimekuja na fupi," anaendelea mziwanda, amesoma mambo yote haya kwenye simu na kwa kweli hajakosea, itakuwa ndefu, kabisa, kidude kikitoka bolti yake nayo haina kazi tena, na fundi akakiri moyoni kwamba kazi hii ameifurahia tangu alipoambiwa, furaha mbaya, furaha ya mtu anayemtoa mgeni asiyempenda, maana chochote kinachopasha, kinachosubiri, kinachosema ngoja kwanza, hakipendi, tangu siku ile hakipendi, hata chai siku hizi anainywa ya moto ikimuunguza.

Walimwita Mzee Subiri, kwenye malori, na jina likamfuata mpaka nyumbani, kwa sababu lori halikuondoka bila upepo kujaa kwenye breki na injini kupata joto, hata bosi aje asimame dirishani akifoka, mzee anainua kiganja, hivi, vidole vimenyooka, kidole gumba kilichopinda kimetokeza pembeni, na hasemi kitu, kiganja ndiyo neno, subiri, na nyumbani hivyo hivyo, uji wa moto, kiganja, mtoto anataka kuvuka barabara, kiganja, mama mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akikatishwa maneno kwa kiganja kile na akinyamaza kwa kucheka, wakakua hivyo, yeye na mziwanda, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili wala mara moja, watoto wa Mzee Subiri walisoma mkono kabla ya kusoma vitabu... na asubuhi ile ya mwisho akamkuta mzee amekaa kwenye ngazi ya mlango, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, uso upande mmoja umeshuka, anataka kusema na maneno hayatoki, sauti tu, na gari lililokuwa karibu ni hili hapa, akambeba, alikuwa mwepesi, akamweka kiti cha abiria, akaingia nyuma ya usukani wa gari hili kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akawasha, na kabla hajaingiza gia mzee akainua mkono, ule mmoja uliokuwa bado unamtii, akauinua kumwelekea yeye, vidole vimenyooka, na yeye, mtu mzima, ndevu zina mvi, akaondoa mguu kwenye klachi, akasubiri. Akasubiri, jamani. Akawa anatazama mshale wa joto unavyopanda kwa uvivu, akasema sawa baba, tunasubiri, na akatabasamu, hilo tabasamu ndilo, mengine yote angeweza kujisamehe, aliwaza huyu mzee hata leo haachi, hata akiwa hivi anafundisha watu kuendesha, akampenda sana pale, hajawahi kumpenda baba yake kama alivyompenda kwenye kusubiri kule, na mkono uko juu unatetemeka, na mshale unapanda, na mkono ukashuka, ndipo akaondoka, na barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari, hakuna hata mbuzi. Daktari alisema pengine kama mngewahi kidogo angepona, pengine, neno jepesi vile mpaka leo limemkalia kama lori, na mziwanda alipofika anahema, "mbona mmechelewa?", yeye akasema foleni.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, basi huyu wake ameshaota ndevu, wanaishi pamoja, wamezoeana, na kilichowawezesha kuishi pamoja ni jambo moja tu, kwamba nilimtii, hilo ndilo linalomlaza kila usiku, alitaka tusubiri, ni yeye aliyetaka, gari lake, mkono wake, mimi nilimtii baba yangu siku yake ya mwisho, nani atanilaumu kwa kumtii... "...maana hata mzee mwenyewe na hili gari hakuwa anasubiri," anasema mziwanda juu kule, anachagua kitu mezani, vyuma vinagongana, "ulikuwa hujui? Siku tulipokiona hicho kidude alicheka mpaka akakohoa, akasema kumbe miaka yote hiyo nimekaa napasha injini kwa makalio yangu, hawa jamaa wameajiri mtu wa kunipashia. Toka siku hiyo anawasha anaondoka, mimi ndiye nilikuwa namwambia, mzee, polepole. Si ndiyo alikupigia simu uje uone? Alisema kaka yako ndiye atacheka kuliko sisi wote."

To, likafanya beseni. Fundi hakucheka. Spana ilikuwa pale pale kwenye bolti na mkono wake ulikuwa pale pale kwenye spana, ila mkono wenyewe haukujua tena umekuja kufanya nini, hakuwa anasubiri, anawasha anaondoka, basi ule mkono... kama haukuwa subiri ulikuwa nini, akauona tena, kwa mara ya kwanza akauona wenyewe bila neno lake juu yake, mkono wa mtu mzima ambaye hawezi kusema, umeinuliwa, unatetemeka, labda ulisema haraka, labda ulisema jua linanichoma machoni, labda kile kiatu, hakutaka kufika kwa watu na kiatu kimoja, labda ulikuwa unatafuta tu mkono mwingine wa kushika, na mkono mwingine ulikuwepo, ulikuwa juu ya gia, karibu kabisa, na mwenye mkono huo alikuwa anatabasamu kwa sababu alijua, tangu utotoni alijua, hakuhitaji kuambiwa. Chai. Kama angeweka kile kikombe chini akaja akalala hapa, boksi hili hili, bega kwa bega na mzee, angeonyeshwa kidude, angecheka, na asubuhi ile angeingiza gia akaondoka, au angalau angegeuka akauliza, vipi baba, hata kama asingejibiwa, mtu haulizi kwa sababu atajibiwa. Na sasa hata lile la kumtii limetoka, limetoka bila spana, na lilikuwa ndilo pekee lililokuwa likishikilia mengine yote, na machozi yakamtoka yakamwingia masikioni, maana aliyelala chali hana pengine pa kuyapeleka.

Raba nyeupe zikaja zikasimama. Goti likashuka, la suruali safi, likagusa sakafu yenye oili bila kujali, kisha mkono wa mdogo wake ukaingia chini ya gari, kiganja kimekunjuka, vidole vimenyooka, kidole gumba kimepinda kama cha mzee, na fundi akakitazama kile kiganja, akajua kinasema nipe spana, umeshindwa, akajua kinasema subiri, usikitoe, nimebadili mawazo, akajua vyote viwili kwa hakika ile ile ya siku zote, na bolti bado ilikuwa haijageuka hata kidogo.

"Unataka nini?" akauliza.



"Taa tu," mdogo wake akasema. "Nipe taa nikumulikie. Unafanya kazi gizani, kaka."