Spika Mbili Upande Mmoja

Tangu saa mbili asubuhi sikuwa nimekaa chini. Nilisukuma spika ya kushoto kuelekea dirishani, nikairudisha, nikaipangusa, nikaisukuma tena. Phelix Ogada alikuwa amenipigia Alhamisi kwamba Jumamosi angepita hapa Litein akitoka Sondu, na nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: akae kwenye kile kiti cha katikati, asikilize muziki wangu, kisha aseme, "Hiyo ndiyo." Basi.

"Baba Dorcus, utatoboa hiyo simiti," mke wangu Chepkemboi alisema. "Huyo mtu anakuja kunywa chai ama anakuja kufanya inspection?"

"Wewe humjui Phelix," nilimjibu, kwa ukali ambao hakustahili.

Tulipokuwa na miaka ishirini na kitu, mimi na Phelix tuliishi chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, upande wa Mogogosiek. Sote tulikuwa kwenye mashine za kusaga majani, mahali penye kelele hivi kwamba ukitaka spana unaiomba kwa ishara za mikono. Phelix alikuwa akipita, anasimama, anasikiliza, anaelekeza kidole kwenye beringi fulani, na fundi akiifungua anakuta imeanza kulika. Nyumbani aliketi hivyo hivyo mbele ya spika kuukuu tulizonunua kwa kuchangiana. Kabla sijakaa alikuwa ameshaniambia, "Umegeuza waya. Spika moja inasukuma, ingine inavuta. Bass imeenda wapi?" Na kweli nilikuwa nimegeuza. Tukaomba rangi ya kucha kwa jirani yetu Christabel, tukapaka ncha zinazoingia kwenye tundu jekundu la spika, nisikosee tena. Majirani walipolalamikia kelele, tukajitengenezea hedifoni kwa mikono yetu.

Sijawahi kucheka na mtu kama nilivyocheka na yule. Kisha nikahamia Sotik kuuza vifaa vya umeme, nikaoa, nikaja Litein, simu zikapungua. Miaka kumi na saba nimemkosa, na aliyezembea ni mimi.

Waya nilionunulia siku hii ulitoka Nairobi, mnene kama kidole gumba, ncha zake zimepakwa dhahabu. Muuzaji aliukata sawasawa na umbali wa kila spika, bila sentimita ya ziada. Ule wetu wa zamani, bapa, mweupe, Chepkemboi huanikia nguo nyuma ya jiko.

Saa nane mvua ilishuka na Phelix akaingia nayo, kichwa kimeota upara, mwavuli umepinduka.

"Omera! Ndugu yangu, kumbe bado uko!" Alinikumbatia, akamsalimu Chepkemboi. "Shemeji, hiyo chai iwe na maziwa, nimetoka mbali."

Nilimkalisha katikati nikawasha rumba tuliyoipenda enzi zile. Akafumba macho, mguu ukaanza kupiga chini. Ndipo nikagundua kwamba upande wa kushoto ulikuwa kimya. Katika kusukumasukuma nilikuwa nimechomoa waya, na ncha ya dhahabu ilikuwa imelala sakafuni. Aibu ilinishika. Nikangoja anicheke.

Phelix akafumbua macho. "Hiyo ndiyo," alisema. "Pande zote mbili, omera. Safi kabisa."

Nilijifanya nafuta vumbi nyuma ya spika, nikaurudisha waya. Sauti ikajaa nyumba nzima, hata Chepkemboi akachungulia kutoka jikoni. Phelix hakugeuka. Mguu wake uliendelea vile vile.

Ndipo nilipoelewa kwamba hakusikia tofauti. Ile hedifoni niliitengeneza kwa kukata vizuia kelele vya masikio ambavyo Phelix alipewa kiwandani. Nilitoa vikombe vyake, nikatia spika ndogo za redio, nikapitisha waya. "Wewe una masikio ya chuma," nilimwambia. Vyangu niliendelea kuvivaa kazini. Yeye alijaza pamba masikioni.

Nilizima muziki. "Phelix, ile hedifoni."

"Nini?" Alinigeuzia sikio la kulia.

"Ile hedifoni!" nilipaza sauti. "Zile za kuziba masikio zilikuwa zako."

"Zilikuwa zangu." Aliweka kikombe chini. "Mashine yangu ilikuwa upande wa kushoto miaka kumi na mbili. Hii sikio imekufa. Hii ingine imebaki nusu."

"Si ungeomba zingine?"

"Ningesema nini? Ati nilikatakata za kampuni ndiyo nisikie rumba? Na wewe vile ulikuwa umefurahi." Alinitazama. "Nilikasirika, Ngetich, usifikirie sikukasirika. Kuna wakati nilikuwa naona simu yako naiacha ilie. Lakini nikasema wacha niende nisikie huyo mtu akiongea, kabla hii nusu pia haijaenda."

Niliinuka. Nikakumbatia spika ya kushoto, nikaibeba kupita mbele yake hadi upande wa kulia. Waya wa Nairobi ukakaza, ukachomoka, haukufika hata karibu. Nikatoka kwenye mvua hiyo hiyo hadi nyuma ya jiko, nikaifungua kamba ya nguo huku Chepkemboi akiniuliza kama nimerogwa. Ule waya bapa ulikuwa umegeuka kijivu, lakini kwenye ncha moja rangi ya Christabel ilikuwa ingali imeng'ang'ania. Niliumenya kwa meno, nikaufunga, nikazibananisha spika mbili karibu na sikio lake zima.

"Fundi akiona hii atakucheka," Phelix alisema.

"Wacha acheke."

Nikawasha. Alisogeza kichwa, akasikiliza, kisha akakunja uso. Nikamngoja.

"Umegeuza waya," alisema. "Bass imeenda wapi?"

Nikapiga magoti nyuma ya spika. Ncha yenye rangi nilikuwa nimeifunga kwenye tundu jeusi. Niliigeuza, ile sauti nzito ya bass ikarudi, nikamsikia akipiga makofi kwenye paja. Nilibaki hukohuko nyuma, nikilia, hadi wimbo ukaisha.