Watani wa Donati

Maiti ilikuwa inahema. Ukumbi mzima tuliiona inahema, kifua kikipanda na kushuka chini ya taa nyekundu, na hakuna aliyecheka. Vijana wanne walioibeba juu ya mbao walikuwa wamefika katikati ya jukwaa, gitaa la besi likinguruma taratibu kama lori linalopanda mlima Kitonga kwa gia ya kwanza, pale Filomena, muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, alipoinuka kwenye benchi la mbele. Alivua kandambili, akazishika mkononi, akapanda jukwaani.

"Simameni hapo hapo," alisema. "Huyu hazikwi."

Besi ikanyamaza. Mimi nikamtazama mama yangu.

Inabidi nirudi nyuma, maana bila hivyo mtamwona Filomena mlevi tu, kama walivyomwona wale madereva wageni waliolala Mikumi usiku ule.

Kaka yangu Donati alifariki wakati wa zile mvua za El Nino. Alikuwa ziarani na Bendi ya Msafara, huko Kahama, homa ikamwangusha kwa siku chache tu. Reli ilikuwa imesombwa na maji, barabara zimekatika, na habari ilipotufikia kwa simu ya stesheni pale Kilosa, wenzake walikuwa wameshamzika. Hatukuwa na wa kumlaumu. Mvua haina ofisi ambayo utakwenda kugonga mlango.

Mama, ambaye mtaa wetu mzima wa Mabwerebwere pale Kilosa ulimwita Mama Donati, alipokea habari ile akiwa anachagua mchele. Akamaliza kuchagua. Akaosha, akabandika. Jioni wanawake wa mtaa walipoanza kuingia uani na kuni vichwani, kama ilivyo desturi kwa mfiwa, alitoka akasimama mlangoni.

"Maiti iko wapi?" akawauliza. "Nani kati yenu ameiona? Kuni zote hizo za kumpikia nani?"

Wakatazamana, wakageuka na kuni zao. Tangu siku hiyo ukimuuliza habari za Donati alikujibu kwamba yuko safarini, na alikujibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia bei ya dagaa. Alifua mashati yake. Akayaanika, akayapiga pasi, akayarudisha sandukuni. Mvua zilikatika, jua likatoka, na mashati yale yakawa bado yanafuliwa.

Mimi nilikuwa na banda la chai na chapati Mikumi, kando ya barabara kuu, karibu na gesti za madereva. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila kitu kimefunguliwa. Malori yalipita mchana kutwa yamejaa mitumba na redio, na kila mwenye ukuta wa nyuma alitoboa dirisha akauza kitu. Banda langu lilijaa kwa sababu ya chapati, na kwa sababu ya mdomo wangu. Nilijua nani amelala gesti ipi na nani kamtoroka nani. Watu walikunywa chai hata bila kiu ilimradi wasipitwe. Lakini la kaka yangu sikuweza kulisema. Msiba haukaliwi na mtu mmoja. Ningeanza kulia, nani angenipokea, na mama mwenyewe yuko Kilosa anapiga pasi?

Kiangazi kikaingia, na siku moja akaja mtu bandani akiwa na matangazo ya karatasi kwapani. Mrefu, ana mvi changa kidevuni. Akaagiza chai, hakuinywa.

"Wewe ndiye Bibiana?"

"Inategemea nani anadai."

Hakucheka. "Mimi ni Ulimboka, wa Bendi ya Msafara. Jumamosi tuko hapa, kwenye ukumbi wa nyuma ya gesti. Ni mchezo wa Donati, dada yangu. Nyimbo zote alitunga yeye. Nimeona si vizuri mkasikia kwa watu."

Nikamwambia chai yake inapoa. Ndiyo yote niliyoweza.

Nilimtuma dereva wa pikapu ya mahindi aliyekuwa anarudi Msowero kupitia Kilosa amwambie mama kwamba bendi ya Donati inakuja Mikumi. Sikuongeza neno. Nilifikiri akimwona mtu mwingine amesimama mahali pa mwanawe, ataamini. Nilimtaka mama yangu alie. Hilo tu. Nilitaka alie ili na mimi nilie.

Jumamosi mchana akashuka kwenye pikapu ile ile, amekaa mbele na dereva, gauni la kanisani, kanga mpya begani, viatu vyeusi vya kamba amevipaka mafuta. Sikuwa nimeviona viatu vile tangu kipaimara changu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anaanza saa ngapi?"

"Bendi inaanza saa moja."

"Nimekuuliza Donati, Bibiana. Sikuuliza bendi."

Nikamimina chai hadi ikafurika kwenye sahani.

Ukumbi wenyewe ulikuwa kuta za matofali na bati, mabenchi wameazima kanisani, jenereta linatetemeka nje. Mlangoni alisimama Sapit, kijana wa Kimaasai aliyelinda gesti, rungu mkononi, akihakikisha hakuna anayepenya. Tangazo lilisema: SINGA, TAMTHILIA YA ROKI. Hakuna Mikumi aliyejua roki ni mnyama gani. Tingo mmoja wa lori aliyewahi kuiona Lusaka akaeleza kwamba ni kama kwaya, ila kwaya iliyokasirika. Maelezo hayo yaliuza tiketi kuliko matangazo yote ya Ulimboka, na kufikia saa moja watu walikuwa wamekaliana magoti.

Na kweli walikuwa wamekasirika. Magitaa yalilia mpaka bati likajibu. Watu wa jukwaani hawakuzungumza, waliimba kila kitu, hata kuombana maji. Kilikuwa kisa cha kijana wa kambi ya mkonge, baba yake mkataji, babu yake mkataji aliyeletwa kutoka Songea kwa kontrakti, naye kijana hataki panga. Anasuka nyuzi za mkonge, zile tunazoziita singa, anatengeneza gitaa, anaondoka. Kilikuwa kisa chetu. Hata jina la kambi Donati hakulibadilisha.

Kijana aliimbwa na mmoja anayeitwa Goodhope, mwembamba, ana sauti ya kukwaruza. Alipotoka kwenye mwanga mama akanishika kifundo cha mkono.

"Lile koti kifungo cha juu nilikishona mimi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Aliyelivaa siye."

"Siye, mama."

Nikangoja. Mama akaniachia mkono, akakaa vizuri, akatengeneza kanga yake.

"Atatoka baadaye," akasema. "Wakubwa hutoka mwishoni."

Basi tukakaa hivyo wimbo baada ya wimbo, mama akinyoosha shingo kila pazia la pembeni lilipotikisika. Alikuja mpiga tarumbeta, akaja msichana wa kuitikia, akaja Ulimboka mwenyewe kama bwana shamba. Kila aliyetoka mama alimkagua uso, halafu akamruhusu apite. Mwishoni ikatoka maiti. Yule kijana wa hadithi amefia safarini, wenzake wanambeba, gitaa limelazwa kifuani. Nyuma yao pazia likafungwa kabisa. Nikamwona mama akihesabu kwa macho wote waliokuwa jukwaani, na pale nyuma hapakuwa na mtu tena wa kutoka.

Hapo ndipo Filomena alipoinuka.

Filomena ni Mhehe. Sisi Wangoni. Mababu zao na mababu zetu walichinjana vya kutosha, kisha wakaona afadhali wataniane, na utani huo ukawa kazi kweli kweli. Mngoni akifa, Mhehe ndiye anayeingia msibani kuvuruga. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anaanika vituko vyake vyote, anaziba njia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka hapo hapo. Bila hivyo mtu anakuwa amefukiwa tu. Na kwa Donati Filomena alikuwa amekaa na kazi yake mkononi tangu masika, hana mlango wa kuingilia.

Ulimboka akatoka pembeni mbio. "Mama, tafadhali. Hili ni igizo."

"Nyamaza wewe! Mlimzika kimyakimya kama watu wanaoficha nyama ya wizi. Huko Kahama nani alimtania?"

Ulimboka alifungua mdomo. Ukumbi wote ukamngoja.

"Hakuna, mama," akasema.

"Hakuna!" Filomena akatugeukia. "Mmesikia? Mtoto wa Kingoni amezikwa bila Mhehe! Hata kuku anaagwa!"

Akalichukua gitaa kifuani kwa Goodhope, ambaye hakuthubutu kufumbua macho, akajivika mkanda wake. Halafu akatembea. Bega la kushoto limeshuka, kichwa kimeinama kidogo, mguu unaburuta kama hautaki kufika. Jamani. Sijui alikuwa ameutazama vipi ule mwendo. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, miguu peku, na aliyepita pale jukwaani alikuwa kaka yangu. Nilisikia sauti inanitoka sikuiita. Sapit akaufungua mlango akatoka nje taratibu, maana kwao marehemu hatajwi hivyo.

"'Oyaa, mama mkubwa,'" Filomena akaiga, kwa ile sauti ya puani ya Donati, "'nitilie nusu tu, koo limekauka, kesho naimba.' Kesho gani? Huyu hata jogoo alimuamsha kwa kumpanda kifuani! Na mwoga! Mtani, wewe uliyevaa kama askofu hapo, mwanao alikuwa mwoga. Nyani alitokea hapa barabarani, nyani mmoja tu, tena mzee, anatafuta ganda la ndizi. Donati akatupa gitaa, akaparamia lori la watu mpaka juu ya turubai, akalia 'Mamaa!' Waliosema walishinda vita ndio hao!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Madereva walipiga mabenchi. Kicheko kile kilipokuwa juu kabisa, mama akasimama.

"Muongo!"

Kikakatika.

"Muongo wewe, Filomena, na wajomba zako wote wala mbwa! Hakupanda lori." Kidole kilikuwa kimemwelekea. "Alikuwa mtoto. Hajaanza hata shule. Nilikuwa nimebeba ndoo, na alinipanda mimi. Alinipanda mpaka hapa." Akajigusa bega. "Maji yote yakatumwagikia. Alinishika shingo hataki kushuka, na nilitembea naye hivyo hivyo mpaka nyumbani."

Mkono wake ukabaki pale begani. Jenereta lilikuwa linahangaika nje peke yake.

Filomena akaliweka gitaa chini. Alipozungumza tena kelele zote zilikuwa zimemtoka. "Basi nilipe, mtani wangu," akasema. "Nilipe nitoke njiani."

Mama akapita mbele yangu. Watu walibana magoti kumpisha, mmoja akamshika mkono kupanda ngazi. Akainama, akafungua kamba za viatu vyake vyeusi bila haraka, akamkabidhi Filomena.

"Kuku nisingekupa. Mbwa si wamejaa stendi?"

Filomena akavipokea kwa mikono miwili. Akajaribu kutia mguu, kiatu kikagoma kwenye vidole, akavitundika shingoni kwa kamba zake na kusogea pembeni. Hakucheka, wala hakuna aliyemcheka.

Mama akasimama juu ya Goodhope. Alimtazama muda mrefu, nadhani hakuwa akimwona yeye. Akaivua kanga begani, akaitandaza kuanzia miguuni, akaipandisha, akamfunika na uso. Kijana wa watu akabana pumzi, kanga haikutikisika.

"Haya," mama akawaambia wale wanne. "Mzikeni."

Wakamwinua. Ulimboka mwenyewe ndiye aliyechukua gitaa na kuuanza ule wimbo wa mwisho, polepole, bila ngoma. Hawakuwa wamefika pembeni mama alipotoa sauti. Sitaieleza. Kila mwanamke mle ndani aliijua, na waliinuka wote pamoja kama walioitwa, wauza mkaa, wahudumu wa gesti, wake za watu ambao habari zao nilikuwa nimezisambaza juzi tu, wakapanda jukwaani, wakamzunguka. Mimi nilifika wa mwisho. Nilipomgusa mama mgongoni akanivuta akanikumbatia kifuani, na hapo nikalia mpaka nikakosa pumzi.

Asubuhi wanawake walikuwa wameshajaa kwangu. Kuni zimerundikwa ukutani, sufuria za jirani zinachemka, mikeka imetandikwa mpaka nje barabarani. Filomena alikuwa uani anawatukana wanaume waliokuja kukoka moto, akitaka kujua kama Wangoni wote ni wavivu au ni hawa tu. Mama alikuwa ameketi chini karibu na mlango, miguu ameinyoosha, kitambaa amekifunga kichwani.

Lori moja la Iringa likaegesha. Dereva akashuka, mteja wangu wa siku nyingi, akajinyoosha, akaja mpaka mlangoni akipiga miayo. Hakuwa amesikia.

"Shikamoo, mama. Chai ipo? Na chapati mbili za moto."

Nilitaka kunyanyuka. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Marahaba, baba," akamjibu. "Leo hatuuzi. Tumefiwa."